Bima ya mpangaji Marekani: hakikisha mbwa wako yumo kabla hujalipa

Ukipanga nyumba Marekani, bima ya mwenye nyumba inalinda jengo lake. Mbwa wako akimng'ata mtoto wa jirani, anayedaiwa ni wewe. Ohio na California unawajibika hata kama mbwa hajawahi kumng'ata mtu, na Ohio sheria inamgusa pia anayemhifadhi tu mbwa wa mwingine. Fikiria hilo shemeji anapokuachia mbwa wake.

Bima ya mpangaji ndiyo inayoweza kukulipia dai kama hilo. Fomu ya kuiomba ni fupi na inajazwa mtandaoni. Tulia kwenye swali la mbwa: aina gani, amewahi kung'ata? Kampuni kadhaa hukataa pit bull, Rottweiler na Doberman, ndiyo maana watu huandika "chotara". Usidanganye. Siku ya dai wakigundua, wanaweza kuufuta mkataba mzima. Tafuta kampuni inayoangalia tabia ya mbwa mwenyewe, zipo.

Mimi niliumizwa na viambatisho, yaani karatasi za ziada za mkataba. Wakala alinihakikishia kwa simu kwamba mbwa yumo, na ukurasa wa mwanzo wa mkataba ulionyesha dhima, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni italipa ukidaiwa, ya dola 100,000. Karatasi inayoondoa majeraha ya wanyama ilikuwa nyuma kabisa, na hawakunitumia mpaka nilipodai mkataba wote. Kuhamia kampuni nyingine kulinigharimu ada na muda mwingi kwenye simu. Kwa hiyo, kabla hujatoa namba ya kadi, omba mkataba kamili na viambatisho vyake, usome kila palipotajwa wanyama. Kisha mwandikie wakala barua pepe: mbwa wangu wa aina hii akimjeruhi mgeni, mtalipa mpaka kiasi gani? Lihifadhi jibu lake. Swali la kiasi ni muhimu, maana kuna mikataba yenye dhima ya 100,000 lakini kwa mbwa wanaishia 25,000, na mtoto aliyeng'atwa usoni anaweza kuhitaji upasuaji zaidi ya mmoja.

Angalia pia fungu la matibabu ya wageni, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 5,000. Hilo hulipwa bila kubishania kosa ni la nani. Wewe na watu wa nyumbani kwako hamhesabiki kuwa wageni.

Mbwa akishang'ata, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, majeruhi apelekwe hospitali. Toa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa kawaida mbwa atawekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Piga picha, andika majina ya walioshuhudia, na uipigie kampuni siku hiyohiyo. Uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili, usijieleze kwa Kiingereza cha kubahatisha.

Sisi tumezoea kwenda kwa jirani na pole na bahasha ili yaishe. Pole ipeleke, na kwa moyo wote. Fedha usiahidi, wala usisaini chochote, kwa sababu kampuni inaweza kukataa kulipa ulichokubali bila ridhaa yake. Barua ya wakili ikija, wapelekee mara moja: dai likiwa ndani ya mkataba, wao ndio wanaokuwekea wakili kwa gharama yao.

Wakikataa, dai sababu kwa maandishi na kifungu wanachokitegemea, kisha peleka malalamiko kwenye idara ya bima ya jimbo lako. Huduma hiyo ni bure.