SOMO: Kwenda Ulaya kucheza dansa za mavazi ya kale ukitokea Moshi au Arusha

Wadau, salaam. Meseji za "dada, zile dansa za magauni ya zamani unaendaje?" zimezidi, na jibu langu ni lile lile. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Chagua dansa kabla ya nguo. Bath, Uingereza, kila Septemba kuna tamasha la Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa zamani, na mavazi ni ya miaka ya 1800 hadi 1820 hivi: kiuno cha gauni kinakaa chini tu ya kifua. Vienna msimu wake mkubwa ni Januari na Februari, kabla ya Kwaresima, na dansa zake zinapita 400. Kule wengi hawavai nguo za kale, ila gauni la jioni lazima lifike chini. Dansa ya jumba la opera inamtaka mwanamume avae koti la mkia na tai nyeupe. Usizichanganye hizi mbili.

2. Viza. Vienna ipo Austria, na Austria ni Schengen, yaani viza moja kwa nchi nyingi za Ulaya. Uingereza ni viza yake peke yake. Schengen unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na zisibaki chini ya siku 15. Uingereza ni kuanzia miezi 3 kabla. Schengen wanataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na pasipoti iwe hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka kule. Weka taarifa ya benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, na tiketi ya dansa yenyewe. Tiketi ya ndege usiilipie kabla ya viza. Weka nafasi tu.

3. Ndege. KIA ipo mlangoni, linganisha bei.

4. Gauni. Hapa tulieni, maana hapa ndipo safari za watu zinapoharibikia.

Gauni la dansa linapimwa kwa mwendo, si kwa kioo. Mafundi wetu ni hodari, lakini wamezoea kukata tundu la mkono liwe pana ili mteja "apumue". Kwa gauni la Bath ni kinyume kabisa. Tundu likiwa pana, ukiinua mkono kumshika mwenzako sehemu yote ya juu inapanda nao, na kiuno kinakuja juu ya kifua mbele ya watu. Langu la kwanza lilinifanyia hivyo. Tundu liwe dogo, likae juu, karibu kabisa na kwapa, na mshono wa bega urudi nyuma mgongoni. Likiwa hivyo mkono unazunguka na gauni linabaki mahali pake. Fundi atakubishia. Mwambie ashone kwanza mfano wa merikani, uuvae, uinue mikono yote miwili, uzunguke, uiname. Kiuno kikihama, afumue mshono wa kwapa alipunguze tundu. Kitambaa chenyewe kisiguswe na mkasi mpaka mfano ukubali.

Upindo pimieni ukiwa umevaa viatu vya kuchezea, si vingine. Uache vidole viwili kutoka sakafuni, la sivyo utaukanyaga ukirudi nyuma. Na usikubali gauni likabidhiwe siku ya kuamkia safari, hata fundi akiapa.

5. Viatu. Soli ya mpira inanata kwenye sakafu ya mbao, goti linaumia. Mpelekee fundi viatu abandike soli ya ngozi.

6. Jifunze hatua nyumbani. Za Bath ni mistari miwili inayotazamana, na kuna mtu anayetaja hatua kwa sauti. Ukijua kushoto na kulia na ukasikiliza, utacheza. Vienna ni walzi, dansa ya wawili wawili ya kuzunguka, na walzi haina mtu wa kutaja hatua. Sisi tunafanyia mazoezi sebuleni kwangu Majengo, meza tunaitoa nje.

MASWALI

Kaloleni_Boy: Yote jumla shingapi?
Jibu: Dansa ipi, mwezi gani, unalala siku ngapi? Leta hayo tupige hesabu.

MtotoWaRombo: Viza ya Vienna si naingia nayo na London?
Jibu: Hatua ya 2.

MtotoWaRombo: Niliruka.
Jibu: Rudi.

MamaKibo: Mbona unatupa kazi hivyo? Kiboriloni magauni ya harusi ya mtumba yamejaa, mtu achukue moja aende.
Jibu: Mama, mtumba siudharau, nusu ya vitambaa vyangu vinatoka huko huko. Ila gauni la harusi la leo Bath si vazi la kipindi. Na Vienna, kwenye dansa ya opera, nyeupe ni ya mabinti wanaofungua dansa. Mgeni anavaa rangi nyingine. Ukipata refu la rangi, lichukue.

Neema_Usa: Dada, swali la moyoni. Mwafrika akivaa mavazi yale haonekani kama ameazima historia ya watu?
Jibu: Neema, asante kwa kuuliza. Watu weusi walikuwepo. George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa mweusi, alipiga fidla mbele ya watu wa Bath mwaka 1789 akiwa bado mtoto, na baadaye mtunzi wa muziki Beethoven alimwandikia sonata. Dido Elizabeth Belle, binti wa mama aliyekuwa mtumwa, alilelewa Kenwood kwenye nyumba ya jaji mkuu wa Uingereza. Pamba nyepesi ya magauni yale nayo, iliyo bora ilifumwa Bengal, Bara Hindi. Ingia umenyoosha shingo.

Neema_Usa: Basi naweza kukata kwa kanga?
Jibu: Kanga ilikuja baadaye sana, nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa Bath tafuta pamba nyeupe nyepesi, hata pazia la mtumba likiwa pamba tupu. Kanga jitande mabegani ukitoka nje usiku, Septemba kule kuna baridi. Ukikwama kwenye kwapa njoo na merikani yako, nitakukatia bure.

Fundi_Ngarenaro: Nina mteja anataka gauni la pete za chuma. Linaingiaje ndege?
Jibu: Hizo ni za kuanzia 1856, Bath halihitaji. Kizimba, yaani zile pete zenyewe, kikunje kiwe kama namba 8, ukifunge kwa utepe, kilale chini ya sanduku.

MamaKibo: Na mimi nichangie. Glavu nyeupe zikiingia jasho msitie jiki, zinageuka njano. Sabuni ya kipande, maji ya uvuguvugu, anika kivulini.
Jibu: Kweli kabisa mama. Na wakati wa kula zinavuliwa.