Kununua santuri Dodoma bila kupanga foleni

Nina santuri 214. Tisa kati ya hizo nilizinunua kwenye hafla za toleo maalumu, yaani santuri zinazochapwa chache kwa makusudi, na hizo tisa zimekula fedha kuliko zile 205 zote. Mimi ni fundi redio, kibanda changu kiko Majengo, na siku nilipopiga hesabu hiyo nyuma ya kalenda ya ukutani nilikaa kimya kidogo.

Wiki jana kijana mmoja alipita kuniuliza ataanzaje kukusanya. Nilimjibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa na redio ya mteja mezani. Jibu kamili ni hili.

Anza na mashine. Usinunue sahani, yaani santuri, hata moja kabla hujapata gramafoni inayozunguka sawasawa. Kuipima hakuhitaji kifaa: bandika kikaratasi ukingoni mwa kibao cha mashine kinachozunguka, weka spidi ya 33, hesabu mizunguko kwa dakika 3. Ikifika 100, iko sawa. Ya 45 ihesabu kwa dakika 1 tu. Ikipungua, mara nyingi mkanda wa mpira umelegea kwa joto. Halafu tazama sindano. Gramafoni nyingi za sanduku za zamani hukandamiza sahani kwa gramu 5 na zaidi, wakati kichwa kizuri cha sindano huridhika na gramu 2 hivi. Sindano butu yenye uzito ule ni jembe, italima nyimbo zako.

Sasa, wapi? Fuata wastaafu. Watu wa reli walikuwa na mshahara na behewa la kwenda Dar. Walimu wa Mpwapwa walikuwa na mshahara na upweke. Nenda na salamu. Unaingia uani, "Mbukwa, bibi," unakaa, unaulizwa wewe ni mtoto wa nani, na habari ya sahani inakuja baada ya uji. Bibi mmoja wa Mpwapwa aliniambia, "Baba, hayo masahani ya marehemu mimi nafunikia mitungi." Hakuwa anatania, ya juu ilikuwa na duara la unyevu. Nyingine 31 zilikuwa safi. Nililipa 5,000 kwa kila moja, na ile ya mtungi nikamwachia.

Kabla ya kulipa, toa sahani kwenye kava, ishike kwa ukingo, iinamishe juani. Mkwaruzo usioshikwa na ukucha kwa kawaida utasikika kama chumvi kwenye kikaango, basi. Unaoshikwa na ukucha unaweza kurusha sindano. Ikiwa imepauka kuwa kijivu, imeshalimwa, iache. Soma pia namba zilizochorwa kwenye sehemu laini kando ya lebo uone kama zinalingana na za lebo.

Uhaba wa santuri zetu una sababu zake. Sahani nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi, na Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa. Ukaja kufunguliwa 1983. Sahani ya Morogoro Jazz ya enzi za Mbaraka Mwinshehe ni adimu pia kwa sababu watu waliipiga hadi ikaisha. Hakuna aliyekaa mezani akaamua ziwe 300.

Za kukaa mezani na kuamua ndizo za hafla. Marekani walianza siku maalumu ya maduka ya santuri mwaka 2008, Jumamosi ya mwezi Aprili: matoleo ya siku hiyo huuzwa dukani, ana kwa ana, anayewahi ndiye anayepata. Nia ilikuwa kuinua maduka madogo, na mimi niliipenda. Kwa hiyo niliposikia Dar kuna hafla ya namna hiyo, nilipanda treni ya SGR jioni, na saa kumi na moja alfajiri nikawa getini. Mbele yangu vijana 12 wamekalia ndoo, kila mmoja na karatasi ya majina asiyoweza kuyatamka. Wametumwa na walanguzi.

Nililipa 160,000 kwa sahani ya rangi ya embe, nakala namba 187 kati ya 300. Kwa fedha hiyo nilinunua kabati zima la Mpwapwa! Nyumbani nikaiweka, sauti inayumba, inapanda inashuka, kama mtu anayeimba juu ya bodaboda. Tundu halikuwa katikati. Na chanzo chake kilikuwa kaseti. Ule mvumo chini ya gitaa naujua, natengeneza kaseti tangu 1998. Baada ya miezi 4 sahani hiyohiyo ikatoka tena, nyeusi, bila namba, 70,000.

Kwamba nilirudi tena mara mbili ni ujinga wangu. Foleni ina utamu wake, mnagawana chapati, mnabishana nani alipiga solo.

Wewe kabla hujapanga foleni, uliza: sauti imetoka kwenye kanda ya awali ya studio au wapi? Ikija imepinda, mnarudisha? Itachapwa tena? Muuzaji akijibu kwa kukuonyesha rangi ya sahani, rudi nyumbani.

Kuhusu kuosha. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, sahani inavuta vumbi kama sumaku. Usitumie maji ya bomba: yana chumvi, yakikauka yanaacha ukoko ndani ya mifereji. Nunua maji ya betri kwenye duka la vipuri, yale yasiyo na asidi (soma chupa mara mbili), tia tone la sabuni ya vyombo, pitisha kitambaa laini kufuata mzunguko, suuza kwa maji hayohayo. Zile nzito za spidi ya 78 usizipake spiriti, zinayeyuka. Zipange wima, mbali na bati. Novemba chumba kisicho na dari kinazikunja kama chapati.

Kausha kivulini, kwenye kichanja cha vyombo. Mke wangu alivumilia mwaka mmoja, kisha akaninunulia cha kwangu sokoni na kuandika juu yake kwa wino mwekundu: SI CHA SAHANI ZA WALI.