Kukamata maji ya kwanza: kupima na kupunguza uchafu wa barabarani kabla haujaingia Ziwa Tanganyika

Msimu uliopita wa mvua nilikaa wiki kadhaa na vijana wa kikundi cha wavuvi hapa Kigoma. Walitaka kujua lile tope jekundu linaloshuka mtaroni kila mvua ikipiga linatoka wapi na limebeba nini. Walikuwa wamekwenda kulalamika kwenye ofisi husika mara mbili, wakajibiwa walete vipimo. Kwa hiyo tukaenda kutafuta vipimo. Ninaandika tulivyofanya, ili kikundi kingine cha Katonga, Ujiji au popote penye mtaro unaoishia majini kisianze sifuri.

Kuna watakaosema ziwa lenye kina cha mita 1,470 haliwezi kudhurika kwa maji ya mtaro. Maji ya ziwa hili hayana haraka ya kutoka. Njia yake ya kutokea ni mto Lukuga upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa mvuke. Mvuke hauchukui tope, hauchukui zinki ya matairi wala shaba ya breki. Tena samaki wanaokaa penye mawe hawaishi huko kilindini. Wanaishi kando, kwenye maji mafupi, pale pale mitaro inapomwaga. Tope likitanda juu ya mawe, linafunika mwani wanaoula na mianya wanayofichia makinda.

Ukisoma miongozo ya Marekani utakuta kurasa nyingi kuhusu chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Ziruke. Kwetu adui ni vumbi la moramu, kingo za barabara zilizochimbwa zikaachwa wazi, oili ya magari na taka.

Hatua ya 1: Ijue njia ya maji

Tembea mtaro mzima siku ya jua, kisha utembee tena mvua ikinyesha. Andika kila kalavati, kila gereji, kila sehemu ya kuoshea magari, kila mahali ambapo ukingo umebomoka. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini chini ya TARURA. Jua mapema mtaro wako ni wa nani, na toa taarifa kabla ya kuchimba chochote. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika nayo ipo hapa hapa Kigoma, wajulishe.

Hatua ya 2: Chagua vituo viwili

Kimoja juu ya eneo unalolishuku, kimoja chini yake. Ukiwa na kituo kimoja tu utapata namba isiyomgusa mtu yeyote.

Hatua ya 3: Andaa vifaa

Kipimamvua (chombo chochote chenye kuta zilizonyooka na rula ndani kinatosha), chupa, kizibao cha kuakisi mwanga, buti, daftari na penseli. Kalamu ya wino inafutika mvuani. Kwa kupima utope papo hapo, tumia bomba la plastiki mwangavu la sentimita 60 lenye alama nyeusi na nyeupe kwenye kitako: unamimina maji taratibu huku ukichungulia kutoka juu, alama ikipotea unasoma kimo.

Usinunue vile vipimo vya umbo la kalamu vinavyouzwa kwa bei nafuu na kuandikwa TDS. Vinapima chumvi zilizoyeyuka, havipimi tope. Nimeona maji mekundu kama chai ya rangi yakisomeka vizuri kuliko maji ya kisima. Mtu akikuonyesha namba hiyo kama ushahidi kwamba mtaro ni safi, mwombe akuonyeshe maji yenyewe.

Hatua ya 4: Kamata maji ya kwanza

Hapa ndipo tulipopoteza siku, na ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Kwenye lami, uchafu hukusanyika siku za jua: vumbi la breki, chembe za tairi, matone ya oili. Mvua ikianza, dakika za mwanzo huosha sehemu kubwa ya mzigo huo. Ukifika baada ya nusu saa unakuta maji yamekwisha kupungua uchafu, na kipimo chako kitasema barabara haina neno. Mvua zetu nazo hupenda kushuka jioni au usiku, pamoja na radi. Mara tatu vijana walikimbia na chupa kutoka Kibirizi, na mara tatu wakakuta mtaro umeshaosha.

Dawa yake ni chupa inayojijaza yenyewe. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, ya lita moja au moja na nusu. Toboa kifuniko matundu mawili. Tundu la kwanza ni la bomba la kuingiza maji: linapanda kutoka kifunikoni, linapinda, kisha mdomo wake unatazama mtaroni. Tundu la pili ni la bomba jembamba la kutolea hewa. Chupa unaizika kwenye sakafu ya mtaro hadi shingoni, kwa sababu lazima ikae chini ya mdomo wa kuingizia. Maji ya mtaro yakipanda hadi kwenye pindo la bomba, yanamwagikia chupani, hewa inatoka kwa njia yake, chupa inajaa na kunyamaza. Asubuhi unakwenda kuichukua.

Ukisoma hivyo ni kazi ya saa moja. Sisi ilituchukua mvua nne, na haya ndiyo yaliyotukwamisha.

Kwanza, tulianza na mpira wa dripu kutoka duka la dawa. Ni mwembamba mno. Chembe za moramu ziliuziba kabla chupa haijafika robo. Tukahamia mpira wa levo, ule mwangavu wa mafundi ujenzi. Huo haukuziba, lakini haukubali kupindwa kwa ukaribu, ukiulazimisha unajikunja na kujifunga. Kwa hiyo tuliuacha na pindo kubwa, sentimita 20 juu ya sakafu ya mtaro. Maana yake ni kwamba chupa ilisubiri hadi maji yafike sentimita 20, na wakati huo maji ya kwanza yalikwisha kufika ziwani. Tulipeleka sampuli hizo maabara, tukalipa, tukapata namba nzuri ajabu. Ilibidi tupime kimo cha pindo kwa rula ndipo tuelewe. Tumia bomba gumu la nusu inchi na elbo mbili, yaani viungo vya kona. Ukiwa na elbo, pindo linakaa sentimita 7 au 8 tu juu ya sakafu, na chupa inaanza kujaa maji ya mtaroni yakiwa bado kidogo.

Pili, bomba la hewa. Mwisho wake wa ndani ushuke sentimita 3 au 4 chini ya kifuniko, si zaidi, ili pabaki nafasi ya kutikisa chupa. Mwisho wake wa nje upande juu kuliko kimo cha juu kabisa cha maji unachokijua hapo, ufungwe kwenye kipande cha nondo, na mdomo uinamishwe chini mvua isiingie. Tulilifanya fupi mara ya kwanza. Maji yakaingia kwa njia ya hewa, chupa ikawa inapitisha maji ya mvua nzima.

Tatu, ziba kila kiungo kwa silikoni na uiache ikauke siku nzima. Kisha jaribu nyumbani: tumbukiza chupa kwenye pipa hadi maji yakaribie pindo bila kulifikia, subiri saa moja. Tone moja likiingia, anza upya.

Nne, mdomo wa kuingizia uelekeze upande maji yanakokwenda, usiukabilishe na maji yanayokuja. Utakosa kidogo mchanga mnene, lakini majani ya mwembe hayataziba.

Tano, waambie majirani na watoto chupa hiyo ni ya nini. Tuliyemweleza mwanzo alikuwa mama muuza mihogo kando ya kalavati, na yeye ndiye aliyeilinda kuliko sisi.

Kuna tahadhari moja kubwa. Kanuni ya maji ya kwanza ni ya lami. Barabara ya moramu na ukingo uliochimbwa wazi haviishiwi uchafu. Tope hufuata nguvu ya mvua, hata kama ni saa ya pili. Pale weka chupa mbili, pindo la moja likiwa juu kuliko la nyingine, upate maji ya mwanzo na ya kilele. Na daima andika siku ngapi zimepita bila mvua. Sampuli ya baada ya siku kumi za ukame hailingani na ya baada ya siku moja.

Hatua ya 5: Oili ina chupa yake

Chupa inayojijaza haifai kupima mafuta, kwa kuwa mafuta huelea na tena hushika kwenye plastiki. Yachukue kwa mkono: chupa ya kioo ya mdomo mpana, lita moja, pale maji yanapoanguka na kuchanganyika. Usiisuuze kwa maji hayo, usiijaze hadi kufurika, usimimine kutoka chombo kingine. Omba maabara wakupe chupa iliyokwisha kuwekwa asidi. Radi ikiwa karibu, acha. Hakuna sampuli inayostahili uhai wa mtu.

Ukiona utando wa rangi za upinde juu ya maji yaliyotuama, usikimbilie kusema ni oili. Uchome kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo, ni bakteria wa chuma, hao ni wa asili. Ukifunga tena na kuungana, ni mafuta.

Hatua ya 6: Maabara

Weka chupa kwenye kasha lenye barafu. Wachuuzi wa samaki wanayo. Kipimo cha tope kifanyike ndani ya siku 7. Fedha ikitosha vipimo viwili tu, lipia tope linaloelea na mafuta. Zinki na shaba vifuate ukipata nafasi.

Kisha geuza namba kuwa kilo, maana miligramu hazimsumbui mtu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua lami ya upana wa mita 7 na urefu wa mita 500: ni mita za mraba 3,500. Mvua ya milimita 20 inatoa karibu lita 70,000. Tope likiwa wastani wa miligramu 800 kwa lita, ni kilo 56 kwa mvua moja, mifuko zaidi ya mmoja wa saruji umemwagwa ziwani. Ukisema hivyo kwenye mkutano, watu wananyamaza na kusikiliza.

Hatua ya 7: Punguza uchafu pale unapoanzia

Fagia kabla ya mvua za Oktoba na Novemba. Fagia pakavu, uzoe, upeleke jalalani. Kuosha kwa maji ni kusukuma uchafu ule ule mtaroni.

Gereji na vituo vya malori: badilishia oili chini ya paa, weka trei, tandaza maranda ya mbao palipodondoka na uyazoe siku hiyo hiyo. Shimo la kutenganisha mafuta liwe na vyumba vitatu, na maji yapite kati yake kwa elbo inayotazama chini ili mafuta yabaki juu. Lakini usiunganishe maji ya kuoshea magari humo. Sabuni huchanganya mafuta na maji, yakapita yote pamoja, na shimo la gharama likawa halina kazi.

Kwa mitaro yenyewe nina msimamo, na sitauficha: sipendi mtaro wa zege uliopigwa moja kwa moja hadi ufukweni. Unaongeza kasi ya maji na kuyapeleka ziwani bila kusimama popote. Mteremko ukiwa wa wastani, weka vizuizi vya mawe na uoteshe nyasi za vetiva kwenye kingo. Kizuizi kiwe na kina katikati: sehemu ya kati iwe chini ya ncha zake kwa sentimita 15. Ukikijenga sawasawa kote, maji yatazunguka pembeni na kula ukingo, utakuwa umeongeza tope. Umbali kati ya vizuizi unapatikana kwa kugawa kimo kwa mteremko: kizuizi cha sentimita 40 kwenye mteremko wa asilimia 4 kinafuatiwa na kingine baada ya mita 10. Vetiva ipandwe kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, mvua zikianza, na ipaliliwe msimu wa kwanza.

Shimo la kunasa tope lizolewe likifika nusu. Tope hilo usilimwage korongoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufuko wa ziwa au kingo za mto, basi lipeleke mbali zaidi ya hapo, na lenye mafuta liwekwe kwenye pipa.

Hatua ya 8: Pima tena pale pale

Chupa zile zile, vimo vile vile vya pindo, mvua ya kwanza baada ya ukame unaofanana. Sisi tulirudisha chupa mbili, moja juu ya vizuizi na moja chini, mvua ikipita tukazichukua, tukazisimamisha juu ya meza ya mama muuza mihogo. Baada ya saa mbili, ya chini ilikuwa na tope la kidole kimoja kitakoni, ya juu ilikuwa na vidole vinne. Vijana walipiga picha wakiwa na rula pembeni, wakaandika tarehe, milimita za mvua na siku za ukame, wakaipeleka ile ofisi kwa mara ya tatu.