Kumpikia mgonjwa wa moyo kutoka sufuria moja na watu wote

Mama yangu aliporuhusiwa kutoka hospitali, baada ya kulazwa kwa sababu moyo wake ulidhoofika na miguu kujaa maji, tulipewa karatasi iliyomtaka apunguze chumvi na mafuta. Karatasi hiyo haikusema apunguze hadi kiasi gani, wala haikumtaja mpishi, ilhali katika nyumba yetu ya Tanga, kama zilivyo nyumba nyingi, mgonjwa huikuta chumvi imekwisha kuyeyuka mchuzini. Kwa hiyo maelekezo haya ni ya anayeshika mwiko. Sisi tulianza kwa kumpikia sufuria yake peke yake, na haikupita wiki mbili akawa anasukuma sahani, kwa kuwa chakula cha kutengwa humkumbusha mtu ugonjwa wake mara tatu kwa siku. Nashauri sufuria iwe moja, na nyumba nzima ipunguze.

Anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyomo katika mkate, soseji na vitafunwa vya dukani. Ikiwa daktari amempangia mgonjwa wako kiwango kingine, fuata hicho. Kwetu tuko watu wazima wanne. Kila asubuhi tunachota vijiko viwili vya chai, tunavifuta juu kwa mgongo wa kisu, na kuviweka katika kikopo kidogo kando ya jiko. Hiyo ndiyo chumvi ya sufuria zote za siku nzima, yaani nusu kijiko kwa kila mtu, na nusu iliyobaki tunaiachia ile isiyoonekana. Kikopo kikiisha kabla ya chakula cha usiku, mboga hupikwa bila chumvi na hakuna anayefungua pakiti. Chumvi ya mezani iliondolewa kabisa.

Chumvi isiyoonekana ndiyo inayowaangusha wengi. Vidonge vya supu na viungo vya pakiti kwa sehemu kubwa ni chumvi tupu, na mpishi anayevitumia halafu akaongeza chumvi ya kawaida anakuwa ameunga mara mbili. Magadi ya kulainishia maharage au kisamvu nayo yana sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayovuta maji mwilini, ingawa ulimi hauyatambui kama chumvi. Badala yake, loweka maharage usiku kucha, umwage maji yake, na uyapike taratibu. Samaki wa ng'onda na achari ya maembe ni heri viachwe, maana hata ng'onda akilowekwa na kubadilishiwa maji mara kadhaa, hubaki na chumvi nyingi. Kwa vyakula vya pakiti vilivyoandikwa kiasi cha sodiamu, zidisha kiasi hicho kwa 2.5 nawe utapata chumvi.

Wiki za mwanzo chakula kitaonekana kimepooza, kisha ulimi utazoea. Wakati huo mpishi aegemee ndimu, ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili. Mchuzi wa vibua uliokolezwa ukwaju na nyanya zilizokaangwa hadi zikaiva vizuri hauoni aibu mbele ya mchuzi wowote wenye chumvi, na vibua pamoja na dagaa wasiotiwa chumvi wana mafuta yanayoufaa moyo.

Kuhusu mafuta, najua nitawaudhi watu wa pwani wenzangu, lakini zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale mazito yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Si lazima nazi ihame jikoni. Tumia tui la pili, lile jepesi, katika mboga, na kasimile, lile tui zito la kwanza, uiweke kwa wali wa Ijumaa. Kwa kupikia kila siku, mafuta ya alizeti ni bora kuliko samli, na yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Ngozi ya kuku, mafuta ya nyama na supu ya makongoro inayoletwa kwa upendo na majirani vinamdhuru mgonjwa. Pokea, shukuru, kisha wape vijana.

Wanga haunipi shida sana: dona badala ya sembe, sahani iliyojaa mboga nusu nzima, na sukari ya chai ipungue.

Mboga na matunda, hata hivyo, vinahitaji kuangaliwa pamoja na dawa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiache mchicha, matembele au kisamvu, bali ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo, na kula nyingi ghafla au kuacha ghafla huvuruga vipimo vya damu. Anayetumia spironolaktoni au losatani, dawa za moyo na shinikizo la damu, hasa kama figo zake ni dhaifu, aulize kwanza kuhusu madafu, ndizi nyingi na chumvi mbadala ya potasiamu, kwani dawa hizo huizuia potasiamu isitoke mwilini, na ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Balungi nalo halipatani na baadhi ya dawa za kushusha lehemu.

Maji ya kunywa yasipunguzwe kwa kubahatisha. Kliniki ndiyo itakayosema. Kinachofaa kufanywa nyumbani, kwa mwenye moyo uliodhoofika, ni kupima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, kwa mizani ileile, na kuuandika. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu, si unene huo bali ni maji, na kliniki ipigiwe simu siku hiyohiyo. Mara ya mwisho mizani yetu iliporuka hivyo, daktari alibadilisha kipimo cha dawa kwanza, kisha akauliza alichokula, na mama akakiri, huku akitazama pembeni, kwamba arusini alionja achari.