SOMO: Kwenda bichi tulivu asubuhi na kurudi jioni (anza na maji, begi baadaye)

Wakuu, naandika hii mara moja ili niwe naelekeza watu hapa, maana kila wikiendi ikikaribia inboksi inajaa swali lilelile, "nataka bichi isiyo na watu, naenda asubuhi narudi jioni, nibebe nini?" Begi ndo la mwisho jamani. Bichi yenye watu ina bendera, ina mlinzi, ina vijana wa kukupigia kelele ukielekea kubaya. Hiyo unayoitaka wewe haina mtu, kwa hiyo vyote hivyo inabidi uvijue kabla hujatoka nyumbani.

1. Tafuta sehemu. Fungua ramani ya satelaiti, fuata pwani taratibu, angalia njia inaishia wapi. Kwenye maji, peupe ni mchanga, peusi ni mwamba au majani. Ila kumbuka ile picha ilipigwa dakika moja ya siku moja, inawezekana maji yalikuwa yamejaa, wewe ukifika unakuta mawe na tope mpaka macho yanachoka.

2. Soma jedwali la maji, yaani orodha ya saa na kimo cha maji kujaa na kupwa kila siku. Hapa tulieni. Sehemu nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, toka kujaa hadi kupwa ni kama masaa sita na kitu, na kila siku yanachelewa dakika kama 50 kuliko jana yake. Ukitaka kuogelea chagua siku maji yanajaa karibu na adhuhuri, ukitaka kutembea mwambani chagua siku yanapwa mchana. Siku ndo inafuata maji, ile "Jumamosi nina nafasi" haitoshi.

Sasa mtego wenyewe. Jedwali linaandikwa kwa saa ya masaa 24, sisi vichwani tuna saa zetu. Ukiona kujaa 05:30 ukasema aa, saa tano unusu, safi, umekwisha. Hiyo ni saa kumi na moja unusu alfajiri. Saa tano unusu asubuhi jedwali linaiandika 11:30. Na ubaya wake ni kwamba tofauti ni masaa sita kamili, yaani hukosei kidogo, unakutana na maji ya kinyume kabisa! Mimi nimeshawahi kupeleka familia nzima kuangalia tope kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo:
- andika kwenye karatasi kwa saa zako, usihesabu kichwani ukiwa njiani
- angalia kama jedwali ni la saa za hapo ulipo au ni UTC (saa ya kimataifa), kama ni UTC rekebisha
- angalia na kimo, siyo saa tu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili hivi baada ya hapo, maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na kwa mgeni ndo siku za amani
- upepo mkali wa kutoka baharini unaweza kupandisha maji zaidi ya namba uliyosoma

3. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Mtandao huko usiutegemee.

4. Begi. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, kofia, shati la mikono mirefu, viatu vya kuingia navyo majini, mfuko wa takataka. Kivuli beba chako.

5. Ukifika usitandike mkeka popote. Tafuta ule mstari wa mwani mkavu na vijiti juu ya mchanga, hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Kaa juu yake, gari nalo juu yake. Na kama tunaelekea bamvua, kesho yake mstari utakuwa juu zaidi, kwa hiyo usiuamini hadi sentimita ya mwisho.

6. Kabla ya kuogelea kaa uangalie bahari dakika kumi. Pale mawimbi yanapovunjika pande zote mbili halafu katikati pametulia, maji meusi kidogo au yenye mchanga, povu linatoka kwenda nje, usiingie. Wengi hupachagua hapohapo kwa sababu panaonekana pametulia. Huo ni mkondo unaorudi baharini. Ukikubeba usishindane nao, elea, pumua, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ndo urudi.

7. Takataka zenu rudini nazo, na muwe barabarani kabla ya giza.

Karibuni maswali, ila someni kwanza.

---

mtotowabara: Mkuu somo zuri, kwa hiyo mimi niende saa ngapi?

Jibu: Hatua ya 2.

mtotowabara: Nimeisoma ila ndefu, ungenipa tu saa.

Jibu: Saa gani, ya siku gani, ya bichi gani? Ndugu yangu hata bahari yenyewe haiwezi kukujibu hilo swali.

binti_upepo: Kaka samahani, nimeona sehemu maji yalikuwa mbali kabisa, tumekaa kidogo tu yakaja kwa kasi, nikashangaa. Kwani hayaji mwendo mmoja?

Jibu: Swali zuri sana dada. Hayaji mwendo mmoja. Chukua yale masaa sita ya kujaa, gawa maji yote mafungu 12. Saa la kwanza linaingia fungu 1, la pili 2, la tatu 3, la nne 3, la tano 2, la sita 1. Ni makadirio lakini yanasaidia. Unaona masaa mawili ya katikati yanaleta nusu ya maji yote? Mtu anaangalia saa la kwanza anasema mbona taratibu, anaendelea kuokota makombe, saa la tatu anashtuka. Na ufukwe ukiwa tambarare, kimo kidogo tu kinameza mita nyingi za mchanga. Ndo maana ukizunguka kona ya mwamba kwenda ufukwe wa pili, ondoka maji yakiwa bado yanapwa, na yakifika kupwa kabisa uwe umesharudi upande huu.

binti_upepo: Asante! Kwa hiyo tukikosa siku nzuri tunasubiri mwezi mzima?

Jibu: Hapana, wiki mbili tu. Zile dakika 50 za kila siku, kwa siku 14 zinakaribia masaa 12, kwa hiyo maji yanarudi karibu na saa zilezile. Ukipata siku nzuri iandike, hesabu wiki mbili mbele.

Nahodha Mstaafu: Mnatisha watu bure. Sisi tumekulia baharini hatujawahi kushika jedwali.

Jibu: Mzee wangu shikamoo. Hamkushika karatasi kwa sababu mlikuwa mnahesabu mwezi, na bamvua mnaijua kuliko mimi. Hili somo ni la mtu ambaye hajui jana mwezi ulikuwaje. Sijamtisha mtu, nimesema asome.

Nahodha Mstaafu: Marahaba. Basi waambie na habari ya nungu wa baharini, wale wa miiba mieusi, na taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani wanaojificha mchangani.

Jibu: Kweli, nimelipita hilo. Majini buruta miguu, usikanyage kwa kunyanyua, taa akisikia mtikisiko anaondoka. Akikuchoma yeye au nungu, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, nusu saa mpaka saa moja na nusu, joto linapunguza nguvu ya sumu. Pima kwanza kwa mkono usioumia. Mwiba uliozama ndani sana usiuchokonoe, na jeraha la taa nenda hospitali hata kama maumivu yameisha.

mama_wawili: Hayo maji ya moto huko porini tunayapata wapi?

Jibu: Chupa ya chai dada, beba mbili.

mama_wawili: 😂 Sawa. Na mimi niongeze, mchanga ukigoma kutoka kwa watoto wapake poda ya mtoto halafu futa kwa taulo kavu, unatoka wote, gari linabaki safi.

dereva_mchanga: Kwenye gari, likizama kwenye mchanga msikanyage mafuta, linazidi kujichimbia. Punguzeni upepo kwenye tairi, ondoeni mchanga mbele ya magurudumu, tokeni taratibu. Beba pampu ujaze tena kabla ya lami.

Jibu: Hii nzuri, nitaiingiza kwenye hatua ya 5.

mtotowabara: Mkuu nimepata jedwali, limeandika kujaa 04:10. Si ndo saa nne na dakika kumi asubuhi?

Jibu: Rudi hatua ya 2, aya ya pili. Hujapata siku bado.