Namna ya Kumkabidhi Mbunge Vipaumbele vya Halmashauri Kabla ya Bunge la Bajeti

Mwongozo huu ni kwa wachumi, maafisa mipango na wenyeviti wa kamati za halmashauri za miji nchini Tanzania, ambao kila mwaka huketi na mbunge wao wakitafuta fedha za maendeleo. Kosa ninaloliona mara nyingi katika kazi hii ni la muda: watu humtafuta mbunge mwezi Mei, wakati hotuba ya waziri imekwisha kuchapwa. Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia jambo linaloongeza matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina ila kwa pendekezo la Rais lililowasilishwa na waziri. Kwa hiyo mbunge, hata awe hodari namna gani, hawezi kusimama Dodoma akaongeza fedha za zahanati yenu. Anaweza kuhoji, kushawishi na kubana, na kazi hiyo huzaa matunda kabla takwimu hazijafungwa.

Hatua ya 1: Fahamuni fedha zimo katika kapu gani

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, hivyo ombi la kalavati lianzie kwa meneja wa wilaya wa wakala huo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani imekwisha kupangiwa kazi na sheria, yaani mikopo ya wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2), na hakuna mbunge anayeweza kuihamishia kwenye jengo. Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, una kamati ambayo mbunge mwenyewe ndiye mwenyekiti; ni fedha ndogo, zinazofaa mabati au madawati, na si vyema kuzitajia mradi mkubwa.

Hatua ya 2: Punguzeni orodha

Mwaka wangu wa kwanza tulimkabidhi mbunge kabrasha lenye maombi 23. Alilipekua taratibu, akalifunga, akauliza, "Waheshimiwa, mkipewa moja tu, mnachukua lipi?" Meya akamtazama mkurugenzi, mkurugenzi akanitazama mimi. Tangu siku hiyo hatujavuka maombi matatu. Yachujwe kutoka katika mapendekezo ya Kamati za Maendeleo za Kata, yapitishwe na kamati ya fedha, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari uliosainiwa, kwa sababu diwani ambaye kata yake imekosa atampigia mbunge simu jioni ileile.

Hatua ya 3: Andikeni karatasi moja kwa kila ombi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi. Sentensi kama "kuboresha huduma za afya katika kata" haimsaidii mtu. Tuseme ombi ni boma la zahanati, yaani jengo ambalo halijakamilika. Andikeni kwamba boma limefika kwenye lenta. Kwamba wananchi walichangia mawe, mchanga na nguvu zao, na halmashauri ikanunua saruji kwa mapato ya ndani. Kwamba kilichobaki ni kuezeka, plasta, milango na choo. Na kwamba mama mjamzito wa mtaa huo kwa sasa huenda kujifungulia kituo fulani, umbali wa kilomita kadha, ambazo mmezipima wenyewe. Wekeni makadirio ya mhandisi yenye tarehe, kasma (kifungu cha bajeti) ambayo fedha ingepitia, na picha iliyopigwa wiki hiyo. Picha ya mwaka jana huumbua: mbunge alipita hapo mwezi uliopita akaona nyasi zimeota ndani ya kuta.

Hatua ya 4: Fanyeni kikao mapema

Januari au mwanzoni mwa Februari panafaa, kabla bajeti ya halmashauri haijafika Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Kumbukeni kwamba mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani kisheria, kwa hiyo aitwe kama mjumbe na asipokewe kama mgeni rasmi. Meya afungue, mkurugenzi aeleze, mhandisi awe karibu kujibu ya gharama. Kisha mkubaliane bayana atakachofanya: swali la msingi, kumwona waziri ana kwa ana, au mchango bungeni. Kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia usipitishwe hadi atoe ufafanuzi, ni haki yake, ila binafsi ningeshauri aiweke akiba kwa jambo ambalo limeahidiwa mara mbili na halijatekelezwa.

Hatua ya 5: Kaeni karibu na simu kuanzia Aprili

Teueni mtumishi mmoja wa kumjibu mbunge mkutano wa bajeti unapoendelea. Muda wa kuchangia ni mfupi, hivyo mtumieni nusu ukurasa, na kila kiasi kilingane na kilichomo kwenye mfumo wa bajeti. Akitamka kiasi kisicho sahihi kitaingia kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na waziri atamjibu kwa kiasi kilicho sahihi. Mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai, mpelekeeni kila robo mwaka taarifa ya aya moja: kasma, kiasi kilichoidhinishwa, kiasi kilichopokelewa. Nakala apewe mtendaji wa kata, maana wananchi waliobeba mawe humuuliza yeye kwanza.