Laini ya gigabiti moja, faili linatambaa: anza na seva

Ofisi yetu iko Dar es Salaam. Tunapiga picha za droni kwa ajili ya ramani, na kila wiki tunatuma kama gigabaiti 300 kwenye seva ya kuchakata iliyoko Frankfurt. Kazi hiyo ilikuwa ikichukua saa saba. Ofisi ikalipia laini kubwa zaidi, kutoka megabiti 200 kwa sekunde hadi gigabiti 1. Usiku wa kwanza tulikaa mimi na kijana ninayefanya naye kazi tukiitazama rsync, programu ya kunakili mafaili: megabaiti 12 kwa sekunde, kasi ileile ya jana.

"Kaka, laini imeongezwa mara tano, mbona mzigo unakwenda vilevile?"

Swali lake ndilo linalonifanya niandike, maana fedha nyingi huishia kwenye laini ilhali kinachobana kimo ndani ya seva.

Mfikirie mwenye duka la jumla Kariakoo anayempa mteja wa Mwanza bidhaa kwa mali kauli. Amejiwekea kikomo: katoni kumi zikiwa hazijalipwa, ya kumi na moja haitoki. Hata barabara ikipanuliwa iwe njia nane, mteja huyo atapata kumi tu kwa kila mzunguko wa mzigo kwenda na pesa kurudi. TCP, utaratibu unaosafirisha data mtandaoni, ndivyo inavyofanya. Hutoa data kiasi fulani, kisha hungoja taarifa kwamba imepokewa. Kikomo hicho huitwa dirisha, na kadiri seva ya pili ilivyo mbali, ndivyo dirisha dogo linavyokuumiza.

Basi piga hesabu kabla ya kugusa chochote. Endesha `ping -c 20` kwenda seva ya mbali uone muda wa kwenda na kurudi. Kwetu ulikuwa milisekunde 160. Zidisha kwa kasi ya laini: megabiti 1,000 mara sekunde 0.16 ni megabiti 160; gawa kwa nane, ni megabaiti 20. Hizo megabaiti 20 lazima ziwe njiani wakati wote, la sivyo laini inakaa tupu. Sasa tazama seva yako imeruhusu ngapi:

`sysctl net.ipv4.tcp_wmem net.ipv4.tcp_rmem`

Namba ya tatu ndiyo kikomo. Kwenye Linux nyingi upande wa kutuma husoma 4194304, yaani megabaiti 4. Gawa kwa sekunde 0.16, unapata kama megabaiti 26 kwa sekunde. Muunganisho mmoja hauwezi kuvuka hapo, hata ununue laini ya gigabiti 100.

Hata hivyo usikimbilie kubadilisha namba. Pima diski kwanza, kwa sababu diski inayozunguka ikisoma mafaili madogo maelfu inaweza kuwa ndiyo mzizi wa tatizo:

`dd if=faili_kubwa of=/dev/null bs=1M iflag=direct status=progress`

Kisha pima mtandao peke yake, bila diski. Washa `iperf3 -s` upande wa mbali, halafu kwako `iperf3 -c anwani -t 30`. Rudia ukiongeza `-P 8`, yaani miunganisho minane kwa pamoja. Muunganisho mmoja ukiwa mdogo na minane ikijaza laini, laini ni nzima na tatizo ni dirisha. Kwetu mmoja ulitoa karibu megabiti 200, minane ikafika 900 na ushei. Nilifurahi sana kuona namba hizo, kwa sababu zililingana na hesabu ya karatasini.

Hifadhi hali ya zamani kwa `sysctl -a > kabla.txt`. Halafu andika haya kwenye `/etc/sysctl.d/90-mtandao.conf`, kwenye seva zote mbili, maana mtumaji hutegemea bafa yake ya kutuma (kumbukumbu inayoshika data kwa muda) na mpokeaji hutegemea ya kupokea:

```
net.core.rmem_max = 67108864
net.core.wmem_max = 67108864
net.ipv4.tcp_rmem = 4096 131072 67108864
net.ipv4.tcp_wmem = 4096 16384 67108864
net.core.default_qdisc = fq
net.ipv4.tcp_congestion_control = bbr
```

Nimeweka megabaiti 64 badala ya 20 kwa sababu kerneli, moyo wa Linux, hutumia sehemu ya bafa kwa mambo yake. Namba ya katikati iache. Hiyo ndiyo kila muunganisho huanza nayo, na ukiipandisha kwenye seva yenye wateja maelfu unaweza kumaliza kumbukumbu bure. Kerneli yenyewe hukuza bafa inapohitajika. Wewe unainua dari tu.

BBR, mbinu ya TCP ya kuamua mwendo wa kutuma, ilitoka Google mwaka 2016 na ikaingia kwenye Linux 4.9. CUBIC, mbinu iliyozoeleka, ikipoteza pakiti (vipande vya data) hudhani njia imejaa na kupunguza mwendo, na kwenye safari ndefu huchelewa kuupata tena. BBR hupima kasi na muda halisi wa njia. Inamhusu mtumaji. Pakia mpangilio kwa `sysctl --system`, kisha, nafasi ikiruhusu, washa upya seva ili fq, kipanga foleni ya pakiti, ishike kwenye kadi ya mtandao.

Hakikisha pia `net.ipv4.tcp_window_scaling` inasoma 1. Niliwahi kukuta seva ambayo mtu aliizima kwa kufuata ushauri wa kale. Bila hiyo dirisha haliwezi kuzidi baiti 65,535, na kwa umbali wetu hiyo ni kama kilobaiti 400 kwa sekunde. MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 9000 iache kwa mtandao wa ndani ambako kila swichi inaikubali. Kwenye intaneti haikusaidii.

Baada ya hayo muunganisho mmoja wa iperf3 ulivuka megabiti 900. Rsync ikabaki palepale: megabaiti 12.

Hapa wengi hukata tamaa, nami nilikaribia. Rsync yetu ilipita ndani ya SSH, njia salama ya kuunganisha seva, na OpenSSH, programu yake, ina dirisha lake juu ya lile la TCP, la megabaiti 2 hivi. Gawa 2 kwa 0.16, unapata kama 13. Ile ndiyo namba tuliyokuwa tukiiona tangu mwanzo! Kuna HPN-SSH, kazi ya Pittsburgh Supercomputing Center, inayoondoa kikomo hicho. Mimi nilichagua njia rahisi, kwa kuwa kila muunganisho wa SSH una dirisha lake:

`ls | xargs -P 8 -I{} rsync -a {} seva:/picha/`

Panga folda zikaribiane ukubwa, la sivyo moja itabaki ikivuta peke yake mwishoni. Usiweke `-z` kwa picha za JPEG. Zimekwisha kubanwa, unachosha prosesa tu.

Ukiendelea kukwama, endesha `ss -ti` mzigo ukiwa unakwenda. Ukiona `sndbuf_limited`, bafa ya mtumaji ni ndogo. `rwnd_limited` ni ya mpokeaji. `app_limited` inakuambia kerneli inangoja programu yenyewe, na kwetu programu hiyo ilikuwa SSH.

Gigabaiti 300 sasa zinafika Frankfurt kwa dakika 52.